Fundi Aliyeandikiwa Jua

Bartholomayo Rwekaza hakuwa na ugomvi na mtu yeyote Kamachumu. Ugomvi wake ulikuwa na jua. Si kwamba lilimtoa jasho. Huku kwetu juu kuna baridi, na mtu anaweza kuvaa koti kutwa nzima bila kulalamika. Ugomvi wao ulikuwa wa kazi. Bartholomayo ni fundi wa suti, na jua hupausha kitambaa. Sufu nyeusi ikikaa dirishani wiki chache inageuka rangi upande mmoja, na mteja akiiona hivyo harudi. Kwa hiyo duka lake, linalotazamana na soko, lilikuwa na pazia zito mlangoni, karatasi za kaki kwenye kioo cha dirisha, na taa ya umeme iliyowaka tangu anafungua mpaka anafunga.

Humo ndimo alimoshonea tangu ujana wake. Kibao cha duka hakuwa nacho, kwa sababu kibao alikuwa yeye mwenyewe. Alivaa suti ya vipande vitatu, tai na kofia ya pama, siku za kazi na siku za mapumziko, na akitoka nje alifungua mwavuli. Wageni walidhani anaogopa mvua. Sisi tulijua analinda mabega ya koti. Njia ya kwenda kwake ilipita kwenye vibanja, chini ya migomba ambako jua lenyewe halifiki, na hata hapo mwavuli haukufungwa, maana utomvu wa mgomba ukidondokea kitambaa hautoki tena.

Samaki hawakupikwa nyumbani mwake. Alisema harufu ya dagaa ikiingia kwenye sufu inakaa humo mpaka suti inaozea kaburini na mwenyewe. Mayai nayo aliyakataa kwa sababu ya kiungulia. Mkewe, Georgina, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa akienda kula sangara kwa dada yake, na kabla ya kurudi ananawa mikono kwa limau kama mtu aliyetoka kuiba.

Maumivu yalianza kidogo kidogo, kwenye nyonga na mapaja. Kwanza alilaumu kiti. Akabadilisha kiti. Akalaumu pedali ya cherehani. Akanunua mota. Kilichomshinda kukilaumu ni kuchuchumaa. Fundi wa suti hana budi kuchuchumaa, kwani suruali hupimwa kutoka chini, na siku moja alipokuwa chini akimpima mwalimu mmoja kijana, aligundua kwamba miguu haimwinui. Akashika suruali ya mwalimu akajivuta nayo, taratibu, mpaka akasimama. Mwalimu alibaki ameshikilia mkanda wake kwa mikono yote miwili, kwa heshima.

Mtu mwingine angekwenda hospitali. Bartholomayo alibadilisha utaratibu wa kupima. Tangu siku hiyo mteja hakupimwa akiwa sakafuni; alipandishwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, ili fundi apime miguu akiwa amesimama wima. Mambo yalikwenda vizuri mpaka akaja bwana Kahangwa, mnunuzi wa kahawa, mtu mwenye mwili wake, aliyetaka suti ya kumuaga bintiye anayeolewa.

"Panda mezani, bwana Kahangwa," Bartholomayo alimwambia.

"Mezani nikafanye nini?"

"Ndiyo utaratibu wa siku hizi. Suruali inakaa vizuri zaidi."

Kahangwa akapanda. Meza ilivumilia wakati wa kupima mguu wa kulia. Alipohamishia uzito mguu wa kushoto, ikalia, ikagawanyika katikati, na bwana Kahangwa akateremka nayo hadi kwenye mafurushi ya bitana. Hakuumia. Alikaa pale chini, tepu ya kupimia shingoni, akamtazama fundi.

"Suti bado naitaka," alisema. "Ila vipimo vilivyobaki nitakuletea mwenyewe."

Habari ilimfikia Georgina kabla mumewe hajarudi. Alimkuta sebuleni anavua kofia.

"Baba Judica, unaumwa wapi?"

"Siumwi popote."

"Chuchumaa nikuone."

Bartholomayo aliitazama sakafu kwa muda. "Leo sijisikii kuchuchumaa," akasema.

Wiki hiyohiyo alipelekwa Bukoba mjini, hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana aitwaye Evelyne, na Bartholomayo aliingia chumbani mwake amejiandaa kuambiwa jambo kubwa. Kyaruzi, mdogo wake, alikuwa amekwisha kumwambia kwamba ni kansa ya mifupa, na jirani mmoja alikuwa amemdokeza kuwa fundi wa Muleba mjini anamwonea wivu. Akapigwa eksirei, akatolewa damu, na damu nyingine ikapelekwa Mwanza. Majibu yalipotoka akaitwa tena, akaenda na Georgina.

"Mzee wangu," daktari alisema, "huwa unatoka nje?"

"Natoka kila siku. Naenda kazini kwa miguu."

"Unatoka umevaaje?"

"Kama unavyoniona."

Daktari alimtazama kuanzia kofia, akashuka kwenye tai na kizibao, akamalizia kwenye soksi. Kisha akatazama mwavuli uliosimamishwa ukutani.

"Umepungukiwa vitamini D," alisema. "Tena sana. Mwili unaitengeneza wenyewe ngozi ikipata jua. Ikikosekana, kalsiamu unayokula kwenye maziwa na maharage haifyonzwi vizuri, na mifupa inaanza kulegea. Misuli ya mapaja inakosa nguvu. Ndiyo maana ukichuchumaa huinuki."

Alikuwa amejiandaa kwa kansa, hata kwa uchawi. Hili hakujiandaa nalo.

"Yaani mimi," alisema pole pole, "mtu niliyezaliwa karibu na mstari wa ikweta, nimeishiwa jua?"

"Jua lipo, mzee. Wewe ndiye hukulifungulia mlango."

Georgina alitazama nje ya dirisha akajikohoza.

Daktari akaandika dawa za vitamini za kumeza, na kumwonya asizidishe hata kidonge kimoja kwa kutaka kupona haraka, kwa kuwa vikizidi navyo vinadhuru figo. Akaandika samaki, viini vya mayai, na maziwa. Mwishoni kabisa akaandika jua: mikono na miguu wazi, asubuhi jua likishapanda, siku nyingi za wiki, bila kukaa mpaka ngozi iungue. Akaeleza kwamba ngozi nyeusi kama yao inahitaji muda mrefu zaidi kuliko ya mzungu, kwa hiyo asitoke nje akahesabu kumi akarudi ndani.

"Kofia je?" aliuliza Bartholomayo.

"Kofia ruksa. Inalinda macho."

"Na tai?"

"Tai haizuii kitu, mzee," Daktari Evelyne alisema, "ila sijui utaifunga juu ya nini."

Vidonge alivimeza bila shida. Kuhusu jua, alitafuta njia ya heshima. Alibandua karatasi za kaki kwenye dirisha la duka, akasogeza kiti nyuma ya kioo, akavua koti na kukunja suruali mguu mmoja hadi gotini. Mguu wa pili aliuacha umefunikwa, ndio wa kupokelea wateja. Watu waliopita sokoni waliona dirishani, mahali palipozoea kuwa na karatasi, mguu wa fundi umenyooshwa juu ya kigoda kama bidhaa. Muuza nyanya aitwaye Salma aliingia kuuliza kama ni tangazo la kaptula.

Aliporudi Bukoba kwa kuonwa tena, alijisifu kwamba hajakosa jua hata asubuhi moja.

"Unakaa wapi?" daktari aliuliza.

"Dirishani. Linanipiga vizuri kabisa."

"Dirisha lina kioo?"

"Safi kabisa. Nakifuta mwenyewe."

Daktari Evelyne akaweka kalamu chini. Alimweleza kwamba kioo kinapitisha mwanga na joto, lakini ile miali inayotengeneza vitamini kinaizuia karibu yote. Kwa wiki zote zile alikuwa ameota joto tu, kama paka.

Basi ikabidi kutoka nje, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Kibanja chake chote kilikuwa kivuli cha migomba. Mahali pekee penye jua pale nyumbani ni uwanja wa kuanikia kahawa, na uwanja huo uko kando ya barabara inayopita Kamachumu nzima ikienda sokoni, kanisani na shuleni. Bartholomayo alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Alimwambia mkewe kwamba afadhali mifupa yake ilegee kabisa wamkunje kama nguo kuliko kukaa pale miguu wazi.

Alichofanya, bila kumwambia mtu, ni kwenda rweya. Huko ni nje ya kijiji, mbuga ya majani tupu ambako watu huchunga ng'ombe na kukata nyasi, hakuna mgomba wala mti wa maana. Aliondoka nyumbani baada ya chai akiwa amevaa kamili, akamwambia Georgina anakwenda dukani. Alipofika rweya, akatafuta kichaka kisafi, akavua. Koti akalitundika kwenye tawi, mabega yakae sawa. Suruali akaikunja kwa mstari wa pasi. Kizibao, shati, na tai juu yake. Viatu akavipanga chini, soksi ndani. Alibaki na singilendi na bukta aliyojishonea kwa mabaki ya bitana ya zambarau, laini, yenye kung'aa. Akachukua mwavuli, kwa mazoea tu, akaenda nyuma ya kichuguu kikubwa, akalala chali juu ya majani na kuweka kofia usoni.

Jua lilimwingia mwilini. Hakuwa amelisikia hivyo tangu utotoni, alipokuwa akichunga. Akapitiwa na usingizi.

Wakati huo Anatolia, jirani yake, alikuwa rweya anakata nyasi za kutandaza kwenye kibanja. Alikuja upande wa kichaka akakuta suti imetundikwa na mtu hayupo. Hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Suti ile kila mtu anaijua. Aliita, "Fundi. Fundi Bartholomayo." Hakuna aliyejibu. Akatazama huku na huku, akaona mbuga tupu. Anatolia alieleza baadaye kwamba kilichomtisha ni zile soksi. Mtu anayetarajia kurudi anazitupa tu; zile zilikuwa zimekunjwa kama za mtu anayeaga. Pia alijua fundi anaumwa, na alikuwa amesikia habari za kansa kutoka kwa Kyaruzi.

Hakutaka ng'ombe waitafune suti. Akaikusanya yote, akaiweka juu ya mzigo wake wa nyasi, viatu akavishika mkononi, akashuka nayo kijijini. Kila aliyemkuta njiani aliona koti la fundi linapita kichwani mwa Anatolia, akamfuata.

Georgina alikuwa anamenya ndizi alipofikishiwa nguo za mumewe zilizokunjwa. Hakupiga kelele. Alizishika, akazinusa, akauliza, "Yeye yuko wapi?" Anatolia akasema hajui, jamani, amezikuta hivyo. Kyaruzi, aliyekuwa ametokea kilabuni kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, akaanza kulia kwa sauti na kuorodhesha mema yote aliyotendewa na kaka yake. Georgina akavaa kandambili, akazikumbatia nguo, akaongoza kuelekea rweya, na umati nyuma yake. Mchungaji wa kanisa lao, aliyekuwa akipita kwa pikipiki, aliegesha akaungana nao.

Huko nyuma ya kichuguu Bartholomayo aliamshwa na ng'ombe aliyekuwa anamnusa mguu. Akanyanyuka kwa kujiegemeza kwenye mwavuli, akaenda kichakani. Kichaka kilikuwa kitupu. Alikizunguka mara kadhaa, akajaribu vichaka vingine, ingawa alijua ni kile kile. Mwishowe hakukuwa na la kufanya ila kurudi nyumbani. Alivaa kofia, akafungua mwavuli akaushika mbele yake kama ngao, akashika njia.

Walikutana pale rweya inapoanza kuingia kwenye vibanja. Umati ukasimama. Mwavuli nao ukasimama. Lakini mwavuli una upana wake. Alipouinua kuficha uso, miguu ilionekana, na alipoushusha kuficha miguu, uso ulionekana. Akaujaribu huku na huku, kisha akatulia na kuuacha usoni.

"Baba Judica," Georgina alisema.

"Ndiyo," mwavuli ukajibu.

"Uko mzima?"

"Niko kwenye matibabu."

Watu walikuwa wakiangalia miguu ambayo hakuna aliyewahi kuiona, myembamba, iliyopauka kama mche uliooteshwa ndani ya nyumba. Wengine walikuwa wanaangalia bukta. Mchungaji ndiye aliyeiangalia zaidi.

"Hiyo bitana naifahamu," alisema kwa upole. "Si ile ya suti yangu ya Pasaka? Nilijiuliza kwa nini kitambaa hakikutosha mfuko wa ndani."

Kisha Georgina akaanza kucheka. Alikuwa ameshikilia kilio tangu nyumbani, na kicheko ndicho kilichotoka badala yake, kikamshika mpaka akaketi chini kwenye majani na machozi yakimtoka, na ndipo wengine wote wakapata ruhusa. Hata Kyaruzi alicheka, huku akiendelea kulia, maana hakuna aliyemweleza vizuri kilichotokea.

Bartholomayo alivalia suruali yake nyuma ya mzunguko wa akina mama waliompa mgongo. Walipofika nyumbani, mkewe akamwambia, "Sasa wamekwisha kukuona. Kesho unakaa uwanjani kwenye kahawa, mahali nitakapokuwa nakutazama." Kilichokuwa kinafichwa hakikuwepo tena.

Asubuhi iliyofuata alitoka na kaptula ya zamani ya mpira iliyoachwa na mkwe wake, akaketi kwenye kiti kando ya mikeka ya kahawa. Barabara nzima ilipita. "Wabonaki, Fundi," walimsalimu, naye aliitikia akiwa ameangalia kahawa. Wakaanza kusema fundi ameanikwa, na wapo waliouliza atakobolewa lini. Siku za mwanzo alikuwa anaona aibu mpaka masikio yanamwasha. Baadaye, kwa kuwa alikuwa amekaa tu, akaanza kuwafukuza kuku wasipekue kahawa. Kisha akawa anaigeuza kwa reki. Wiki ya tatu au ya nne alikuwa anajua ni kuku wa nani na wanakuja saa ngapi, na Georgina alikiri kwamba kahawa ya mwaka ule ilikauka vizuri kuliko miaka yote.

Jambo moja lilimuumiza zaidi ya kuonwa miguu. Asubuhi moja Kyaruzi alikuja kumsalimia amevaa suti aliyoshonewa na Bartholomayo mwenyewe miaka ya nyuma. Alisimama mbele ya kaka yake, juani. Bartholomayo akaacha reki.

"Hebu geuka," alisema. "Geuka tena. Koti hili ni jeusi."

"Ndiyo."

"Suruali ni ya bluu."

"Ndiyo, kaka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani ndiyo mtindo," Kyaruzi alisema. "Sote tulidhani hivyo. Ya mwenyekiti wa kijiji nayo iko hivyohivyo."

Chini ya taa ya dukani, bluu iliyoiva na nyeusi zilikuwa kitu kimoja, na kwa miaka mingi Bartholomayo alikuwa amewavika wanaume wa Kamachumu suti za rangi mbili bila kujua, nao waliogopa kumwambia fundi mkubwa kama yeye. Siku hiyohiyo alihamishia meza mpya ya kukatia barazani. Vitambaa vilibaki ndani, lakini kila kipande kilitolewa nje kuangaliwa kwanza. Alirekebisha suti za watu bila malipo, na ya mchungaji akaiwekea mfuko wa ndani.

Miguu ilipoanza kupata nguvu, aliingiwa na kiburi cha aina nyingine. Alianza kuwatibu watu. Mwenye kikohozi alimwambia aote jua. Mwenye kuumwa jino, aote jua. Yeye mwenyewe aliacha vidonge vya presha alivyokuwa akivimeza kwa miaka, kwa maelezo kwamba vitamini D inafanya kazi zote. Kyaruzi akahamishia unywaji wake wa lubisi nje ya kilabu, akikunja mikono ya shati, na mkewe akimuuliza anajibu kwamba yuko kwenye matibabu kama kaka yake.

Daktari Evelyne alipompima presha alimwangalia vibaya. "Nani amekwambia uache dawa?"

"Nimeona jua linatosha."

"Jua limekusaidia mifupa na misuli. Watafiti wanaendelea kuchunguza kama linasaidia na mengine, kinga ya mwili na kadhalika, na hawajakubaliana. Lakini presha yako bado iko palepale. Mzee, ulikaa miaka yote bila jua, sasa unataka kuishi kwa jua peke yake."

"Mimi ni mtu wa kitu kimoja," alijitetea.

"Nimeona," alisema Georgina. "Mimi ndiye ninayeishi naye."

Akarudia vidonge vya presha, na akaacha utabibu, isipokuwa kwa Kyaruzi. Dagaa aliwakubali kwa sharti kwamba wapikwe nje na suti zikiwa zimefungiwa kabatini. Siku za kazi asubuhi alivaa kaunda suti ya mikono mifupi na kaptula ya kitambaa hichohicho, iliyokatwa vizuri, yenye mstari wa pasi, na soksi ndefu zilizoshushwa hadi kwenye viatu. Wazee kadhaa waliagiza za kwao. Wake zao walirudisha zaidi ya nusu.

Mwezi wa Disemba walialikwa harusini Izimbya, kwa ndugu za Georgina. Ngoma ilipoanza, Bartholomayo aliingia uwanjani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Alicheza akishuka chini na kupanda, akishuka na kupanda, tai imerukia begani, huku shemeji zake wakimpigia makofi na Georgina akimwashiria kwa mkono kwamba inatosha. Hakuona ishara, au aliona.

Kesho yake hakuweza kuinuka kitandani. Georgina akachukua simu ampigie daktari.

"Acha," alisema Bartholomayo kutoka ndani ya blanketi. "Haya siyo ya mifupa. Haya ni ya ngoma."

Georgina akarudisha simu mezani, akaenda kumfungulia dirisha na kumletea chai.